Bodi ya "mizigo yote" niliyojengewa Nakuru haibebi hata mzigo mmoja sawasawa

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Kuna karakana hapa Nakuru, jina nitaliacha maana sitaki kesi juu ya hasara, imenijengea bodi ya lori la tairi kumi, yaani lile sanduku la mzigo la nyuma linalonyanyuliwa kumwaga. Niliambiwa itabeba mchanga leo, mahindi kesho, miwa kesho kutwa, na kuibadilisha eti ni kazi ya nusu saa ya dereva na utingo wake. Pesa wamekula. Bodi ipo. Kubadilika ndiko kusikokuwepo.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini aseme si ungenunua tipa ya kawaida, lori la kumwagia mchanga. Ndugu yangu, huku kwetu ukitegemea mzigo mmoja utauza gari kabla hujamaliza mkopo wa sacco. Mahindi ya Kitale na Moi's Bridge yanaanza kutoka Oktoba, mwaka ukigeuka yanapungua. Ngano ya Njoro na Mau Narok ina msimu wake. Miwa ya Muhoroni na Chemelil ipo mpaka kiwanda kifungwe, na kiwanda kikifungwa hakuna anayekupigia simu kukuuliza utakula nini. Katikati hapo unaokoteza mchanga, kokoto, chokaa ya shamba kutoka Koru. Ndiyo maana nilitaka bodi inayogeuka, na ndiyo maana nilikubali kulipa zaidi ya bei ya tipa ya kawaida.

Sasa hebu tufanye hesabu ambayo fundi hakuifanya.

Lori la ekseli tatu (ekseli ni mhimili unaoshika tairi za pande mbili) linaruhusiwa jumla ya tani 26: 8 mbele, 18 kwa zile ekseli mbili za nyuma. Toa uzito wa gari na bodi yake, tuseme tani 10, unabaki na tani 16 za mzigo. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani 1.6. Mahindi ni kama kilo 720. Miwa mizima, hata ukiipanga vizuri, haizidi sana kilo 350. Kwenye sakafu ya mita 6 kwa 2.4, tani 16 za mchanga zinakufikia sentimita 70 tu. Tani zilezile za mahindi zinapanda mita moja na nusu. Za miwa zingepita mita tatu, kwa hiyo miwa inakuishia nafasi kabla haijakuishia uzito.

Ni kuzidisha na kugawanya tu. Ukishaziona namba hizo tatu, bodi inajichora yenyewe: kuta fupi zenye nguvu chini kwa ajili ya mchanga na kokoto, paneli nyepesi za kuongezea juu wakati wa nafaka, na matundu ya kuchomeka nguzo wakati wa miwa. Pia kulabu za minyororo, kwa sababu uwanja wa kiwanda cha sukari unaoshusha kwa kreni utataka minyororo iwe imelazwa chini ya miwa tangu shambani.

Fundi alifanya nini? Alichukua bati la milimita 6 akapanda nalo kutoka sakafuni hadi juu. Kuta zote nne. Nilipomuuliza akacheka, akasema, "Mkubwa, hii ni kazi ya maisha, hata jiwe halitoboi." Mahindi yameanza kutoboa chuma lini? Jiwe linapiga sakafu na ile sehemu ya chini ya ukuta. Huko juu hakuna jiwe litakalofika, maana kokoto zikifika huko gari halitoki machimboni.

Bati la chuma la milimita 1 lina kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Mzunguko wa bodi hii ni mita 16.8, kimo mita 1.5, hiyo ni mita za mraba 25 na kidogo. Kwa milimita 6 ni karibu kilo 1,190 za kuta peke yake, kabla ya sakafu, nguzo, jeki na fremu. Angeweka milimita 4 chini na milimita 2 juu, kuta zingekuwa chini ya kilo 600. Nusu nzima. Na hapo ndipo alipoanzia tu, kwa sababu fremu nayo aliijenga kwa chuma cha kubebea daraja.

Nimelipeleka gari kwenye mizani likiwa tupu: tani 11.4. Niliahidiwa 10. Ile tani 1.4 iliyozidi ni magunia 15 ya mahindi ya kilo 90 ambayo sitayabeba tena, safari hii na zote zitakazofuata. Badala yake nabeba chuma, na nakinunulia dizeli ya kupandia mlima wa Timboroa.

Tuje kwenye paneli za juu, zile zinazotoka. Kweli zinatoka. Siku ya kukabidhiwa gari walizitoa mbele yangu kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye dari ya karakana, zikashuka taratibu, kila mtu akatabasamu. Sasa sikilizeni. Kila ubavu una paneli moja ya mita 6 kwa sentimita 80. Kwa bati lao la milimita 6 hiyo ni kilo zaidi ya 220, bila kuhesabu fremu yake. Dereva wangu na utingo wake watazitoaje kando ya shamba la miwa? Watafunga winchi kwenye mkaratusi? Zingekatwa vipande vitatu vya mita mbili mbili, kwa bati la milimita 2, kila kipande kingekuwa na kilo kama 25 na fremu yake juu. Watu wawili wanashika huku na huku, wanaegemeza kwenye uzio, kazi imekwisha.

Hata ukipata hao watu wa kunyanyua, pini zinazoshika paneli hizo hazitoki. Hili linaniuma kuliko yote. Hakuna nguzo katikati ya ubavu, na hakuna mnyororo wa kuvuta kuta zisiachane huku juu. Nafaka haitulii kama gunia, inasukuma pembeni. Mara ya kwanza kupakia mahindi bila magunia ubavu wa kulia ulitoka nje tumbo, na haukurudi. Matundu ya pini, yaliyokuwa yakitazamana vizuri pale karakana, sasa yamepishana kwa upana wa kidole. Pini ya kona ya nyuma imepinda kama ndoana ya samaki. Utingo anaipiga nyundo kutoka chini, ameshaichana ile pete inayoishika, na rangi yote ya kona hiyo imebanduka. Pini ya namna hiyo ilitakiwa iwe na ncha iliyochongwa na tundu lenye nafasi kidogo, ili iingie hata chuma kikicheza, na iwe na kipini cha kulinda isichomoke kwenye matuta. Hayo nimeyaona kwenye malori ya watu wengine, si ndoto zangu.

Geti la nyuma nalo. Bawaba ziko juu tu. Kwa mchanga sawa, unafungua komeo za chini, unanyanyua bodi, mzigo unamwagika. Lakini ukitaka kupakia magunia ya mbolea kwa nyuma, lile geti linaning'inia vichwani mwa wapakiaji, na kulishikilia wamefunga kamba. Tulikubaliana geti la njia mbili: lining'inie kutoka juu wakati wa kumwaga, na lifunguke kwa ubavu kama mlango wakati wa kupakia. Tulikubaliana pia kidirisha kidogo cha kuteleza katikati, ili nafaka itoke kidogo kidogo kwenye shimo la kinu badala ya kumwagika yote kwa mpigo. Kidirisha hakipo. Nikaambiwa "kilisahaulika." Bawaba za ubavuni nazo "tutaongeza baadaye," kwa malipo, bila shaka.

Mpira wa kuziba ukingo wa geti hawakuweka. Wakaniambia nafaka haipiti, wakanionyesha kwa kiganja cha mahindi. Ni kweli, punje ya mahindi ilikwama kwenye lile pengo. Punje ya ngano ni nyembamba, ikapita. Kutoka Njoro hadi mjini tumemwaga mstari mwembamba barabarani, kuku wa watu wameneemeka, na mwenye ngano amenikata pesa. Sasa tunatandika turubai ndani kila tunapobeba ngano, na turubai likikunjamana wakati wa kumwaga linabaki na mzigo pembeni, utingo anapanda na koleo. Nilinunua bodi ya kumwaga ili nichimbe kwa koleo.

Bado hamjasikia la Gilgil.

Tulipakia kwenda Nairobi, nikahakikisha hatuzidishi. Mizani ya barabarani ya Gilgil ikasoma tani 25.5 kwa jumla, chini ya 26. Nikashusha pumzi. Halafu ikasoma ekseli: mbele 6.3, nyuma 19.2. Nyuma mwisho ni 18, na hata ukihesabu ile asilimia 5 wanayovumilia kwenye ekseli unafika 18.9. Tumezidisha ilhali hatujazidisha! Watu wa mizani sina neno nao, walisoma kilichopo. Kosa ni la aliyeikalisha bodi.

Nimepima mwenyewe kwa futi kamba. Kati ya kabini ya dereva na ukuta wa mbele wa bodi kuna nafasi ambayo hakuna anayejua ni ya nini. Tairi la akiba liko chini ya chasi (ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari), kwa hiyo si lake. Bodi ingeweza kusogezwa mbele sentimita 30 bila kugusa chochote. Kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya zile za nyuma ni mita 4.6. Bodi na mzigo wake vilikuwa kama tani 18.5. Zidisha kwa 0.3, gawanya kwa 4.6, unapata tani 1.2. Yaani sentimita 30 zile zingehamisha tani 1.2 kutoka nyuma kwenda mbele, ningesoma 7.5 na 18.0, nikapita nikipunga mkono. Faini yote ile, na muda wa kupunguza mzigo kando ya barabara, ni kwa sababu mtu hakuchukua kalamu.

La chasi nitalipitia haraka maana likinishika nitatukana. Fremu ya bodi wameichomelea moja kwa moja kwenye chasi, sehemu tatu. Chasi ya lori haichomelewi hivyo. Moto unakidhoofisha chuma na ufa unaanzia kando ya weldi. Inafungwa kwa U-bolti na vibao vya boliti, na huku mbele inaachwa ichezecheze kidogo kwa sababu chasi hujipinda ikipita mashimo. Na walipokuwa wakichomelea hata waya ya betri hawakuitoa. Taa za dashibodi zinawaka zenyewe tangu siku hiyo.

Nimerudi kwao. Mwenye karakana ananiita mzee, ananiletea kiti, ananiagizia soda, halafu ananiambia malori mengi yana bodi kama hii na wenyewe hawalalamiki. Nikamwomba mchoro aliotumia. Hakuna mchoro. Nikamwomba hesabu ya uzito. Akanionyesha risiti ya bati. Akaniambia nimpe pesa ya kukata paneli na kuzipunguza, "kazi ndogo tu, mzee." Nimlipe tena ili arekebishe alichokosea yeye?

Ninachodai ni hiki: atoe bodi, aisogeze mbele, aondoe weldi kwenye chasi na kufunga kwa boliti, abadilishe kuta za juu ziwe nyepesi na vipande vifupi, aweke nguzo za katikati na geti tulilokubaliana. Kwa gharama yake. Au anirudishie amana nipeleke kwingine.

NYONGEZA: Naona maswali. Aliyeuliza kama miwa inamwagwa kwa kunyanyua bodi: inategemea uwanja wa kiwanda, lakini mimi sitaki kunyanyua mzigo wa kimo kile kwenye ardhi isiyo sawa, gari linalala ubavu. Kreni na minyororo ni salama zaidi. Aliyesema nitumie aluminiamu kwa paneli za juu: wazo zuri, ni nyepesi karibu mara tatu kuliko chuma, ila mtafute anayejua kuichomelea, si kila welda. Na wewe uliyebeba chokaa kisha ukapakia mahindi juu yake bila kuosha, tafadhali usinishauri chochote, wewe ndiye unafanya wenye vinu watukague sote kwa tochi.

Mwenye kumjua fundi wa Eldoret au Kisumu anayeanza na karatasi kabla ya kuwasha mashine, aniandikie faraghani. Jumatatu narudi karakana na tiketi za mizani na shemeji yangu ambaye ni wakili. Majibu yao nitayaweka hapahapa.