Mnaong'oa thamostati na kufungua hedi bila kupima, mnaziua vani za watu

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitalainisha maneno.

Mtu anakuja na vani ya miaka 20 au 25, anasema inachemsha. Jibu la kwanza: ng'oa thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta. La pili: badilisha pampu ya maji. La tatu: hiyo hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye vali) imekufa, fungua. Hakuna aliyemuuliza kama inachemka ikiwa imesimama au ikipanda mlima. Hakuna aliyeuliza kama maji yanapungua au hayapungui. Mwenye gari ananunua spea tatu, joto liko palepale, halafu anaambiwa gari imechoka, auze. Gari haijachoka. Imeonewa!

Naanza na thamostati kwa sababu ushauri huu ndio unaoharibu injini nyingi kuliko mwingine wote. Injini nyingi za vani zina njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta wakati injini bado ni baridi. Thamostati ina sahani mbili: ya juu inafungua njia ya rejeta, ya chini inaziba ile njia ya pembeni injini ikishapata joto. Ukiing'oa, njia ya pembeni inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kwenda kupoa. Kwenye tambarare injini inakuwa baridi mno, inakula mafuta na kujaza masizi. Ukiipakia mzigo ikapanda mlima, inachemka vilevile. Umepoteza pande zote mbili.

Kuipima ni kazi ya robo saa. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa moto. Namba imegongwa juu yake, mara nyingi kati ya nyuzi 82 na 88. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikifanya hivyo, irudishe na gasketi mpya, na uache kuisingizia.

Sasa lile swali ambalo halikuulizwa. Inachemka ikiwa imesimama au foleni, na ikitembea inapoa? Tazama feni. Kama ni ile yenye klachi ya mafuta mazito, zima injini ikiwa ya moto kisha sukuma feni kwa mkono: lazima ikaze. Ikizunguka raundi kadhaa yenyewe, imekufa. Tazama pia lile boksi la plastiki linaloizunguka, ambalo mafundi wengi hulitoa na kulitupa kwa sababu linawazuia kufikia boliti. Bila boksi hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Inachemka ikiwa mwendoni au mlimani tu? Hapo rejeta imeziba, ndani au nje. Kwenye vani yenye AC, tope na vumbi hujaa katikati ya kondensa (rejeta ya AC) na rejeta, mahali usipopaona mpaka uzitenganishe. Angalia pia mpira wa chini wa rejeta huku mwenzako anapiga resi. Ukinywea, ama umelainika ama rejeta haipitishi maji.

Kifuniko cha rejeta ni spea ndogo kuliko zote na ndiyo inayosahaulika. Cha bar 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka kwa maji mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wake ukichanika, maji yanachemka kwenye 100 kama sufuria ya jikoni. Ukikuta mipira imebonyea injini ikishapoa, ile vali ndogo ya katikati ya kifuniko imeganda. Pampu ya maji nayo ina tundu dogo chini ya shafti. Hakuna alama ya maji kwenye tundu hilo, shafti haichezi, hailii? Kwa nini unaibadilisha?

Halafu upepo. Injini ya vani nyingi iko chini ya viti, rejeta iko mbele, na zenye hita ya nyuma zina mabomba marefu ya maji chini ya sakafu. Ukijaza maji haraka na kufunga, umefungia hewa ndani. Inua pua ya gari, fungua hita zote mpaka mwisho, fungua skrubu ya kutolea upepo kama ipo, jaza polepole mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji safi, acha injini iungurume mpaka thamostati ifunguke, kisha ongeza.

Hedi ije mwisho kabisa, tena kwa ushahidi. Washa injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi: mapovu yasiyokoma ni dalili. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili, kabla maji hayajapata moto, ni dalili nyingine. Ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya injini inamaliza ubishi. Ukishafungua kihalali, usifunge gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na mshazari, pitisha fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Kikomo kiko kwenye kitabu cha injini yako. Hedi nyingi ukishafika milimita 0.1 unaanza kuzungumzia kusaga. Angalia nyufa kati ya vali. Kausha matundu ya boliti, kwa sababu oili au maji yakibaki mle, boliti inakaza maji badala ya hedi, na bloku inaweza kupasuka. Kama boliti zako ni zile zinazovutika zikikazwa, hazirudiwi.

Nimemaliza ya joto. Wengine waseme ya umeme na dizeli, kwa sababu huko uonevu ni uleule.

Dizeli_Baridi:

Mkuu umegusa penyewe. Mimi malalamiko yangu ni kwa wanaopeleka pampu ya dizeli ikafunguliwe kwa sababu gari haiwaki asubuhi. Pampu ile ndiyo spea ghali kuliko zote upande wa mafuta, na mara nyingi haina kosa lolote.

Vani ya dizeli ya zamani ikizungushwa sana asubuhi lakini mchana inawaka mara moja, yawezekana mafuta yamerudi kwenye tanki usiku kwa sababu hewa inaingia mahali. Asubuhi kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Ikiwaka papo hapo, umepata jibu. Kisha toa mpira kati ya filta na pampu, weka mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Mapovu yakipita, hamishia kipande hicho kabla ya filta. Mapovu yakiwapo na huko, hewa inatoka upande wa tanki. Yasipokuwapo, kosa liko kwenye filta yenyewe: kiwambo cha pampu ya mkono, au pete ya mpira ya skrubu ya kutolea maji chini. Msitafute dizeli inayodondoka. Upande huo unanyonya, kwa hiyo tundu linaingiza hewa bila kutoa hata tone.

Hakuna mapovu? Nenda kwenye hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Toa waya wa juu, pima kila moja kwa mita: nzima husoma chini ya omu 2, nyingi chini ya 1. Isiyosoma kitu imekatika. Pima pia kama umeme unafika kwenye reli yao ufunguo ukiwa umewashwa, kwa sababu relei (swichi inayozipelekea umeme) iliyokufa inafanya plagi nne nzima zionekane mbovu.

Kompresheni baada ya hapo. Injini hizi zenye chemba ya awali (kijichumba ambamo dizeli huanza kuwaka) zikiwa na afya husoma kati ya bar 25 na 32. Zikikaribia 20, au silinda moja ikiachana na nyenzake kwa zaidi ya bar 5, hapo zungumzia kufungua. Na msimwage oili kwenye silinda ya dizeli kama mnavyofanya kwenye petroli. Chemba ni ndogo, kipimo kitawadanganya.

Moja la hatari. Kulegeza bomba la nozeli ili kusikia silinda ipi haifanyi kazi ni mbinu ya pampu za zamani tu. Kwenye komoni reli (dizeli za kisasa zenye bomba moja la shinikizo kwa nozeli zote) shinikizo linapita bar 1,000 na mafuta yanatoboa ngozi. Kushauri mbinu hiyo bila kutaja aina ya injini ni kumtakia mtu ulemavu.

Waya_Mweusi:

Umeme nao. "Stata imekufa", "betri imekufa", kila siku. Betri nzima iliyopumzika ni voti 12.6. Ikizungusha injini isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwa inaunguruma, alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Namba tatu tu, mita ndogo kabisa inazisoma!

Kipimo cha nne ndicho kinachookoa stata za watu. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mwenzako azungushe. Ikisoma zaidi ya voti 0.3, ethi yako (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) ni mbovu. Rudia upande wa chanya, kutoka betri mpaka boliti nene ya stata: isizidi 0.5. Ule mkanda wa ethi kati ya injini na chasisi huliwa na kutu, na umeme ukikosa njia unarudi kupitia kebo za gia na za mafuta. Ukikuta kebo imepata moto wakati wa kuzungusha, usiilaumu kebo.

Taa za nyuma zikichanganyikana, ukikanyaga breki indiketa nayo inang'aa hafifu, ni ethi ya taa hizo. Na waya za mlango wa nyuma hukatika ndani ya ule mpira unaojikunja kwenye bawaba. Vuta mpira, usibadilishe taa.

Lita_Tano:

Mkuu Waya, na gari inayovuta upande mmoja ukikanyaga breki, halafu gurudumu linabaki limeshikwa? Wameshabadilisha kalipa (kile kinachobana pedi za breki) mbili.

Mwanzisha uzi:

Ndiyo hayo hayo ninayoyalalamikia. Gurudumu likiwa limeshika, inua, legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Lisipoachia, kosa ni la kalipa au pini zake. Likiachia, shinikizo lilifungwa nyuma: mpira wa breki umevimba ndani, au master silinda (pampu kuu ya breki) hairudishi. Lisubiri lishike tena, kisha legeza nati ya bomba la chuma mahali linapoingia kwenye mpira. Likigoma kuachia hapo, ni mpira. Dakika tano, na pengine kalipa zote mbili zilikuwa nzima.

Na kwa kuwa umetaja breki: vani nyingi zina vali juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayopima mzigo. Wapo wanaoitoa na kuweka kiungo cha kawaida kwa sababu imeganda. Huo ni uuaji. Gari ikiwa tupu na barabara ina maji, magurudumu ya nyuma yanajifunga kwanza na mkia unakuja mbele. Kama fimbo inasogea kwa mkono na mpira wa vumbi haujalowa mafuta ya breki, vali yenyewe yaweza kuwa nzima na fimbo ndiyo iliyopotezwa kipimo baada ya kubadilishwa springi. Urefu wake uko kwenye kitabu cha gari, na hurekebishwa gari ikiwa imekaa kwenye magurudumu yote manne, kamwe siyo ikiwa juu ya jeki.