Urembo wa soli ya raba za mbio: nichore vipi, na kalibu itaukubali?

MchoraSoli_Nakuru:
Wadau, nina mchoro wa soli ya raba za mazoezi, saizi 42. Chini ya vidole kuna meno ya pembe sita, kimo mm 3. Kutoka katikati ya wayo hadi kisiginoni ni mawimbi, na juu ya mawimbi mistari ya urembo yenye upana wa mm 0.6. Nataka kuusajili KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, kisha nimpe fundi wa kalibu, yaani umbo la kuundia soli. Nichore pande ngapi? Na ule mfereji wa kusaidia soli ikunjike pale mbele, nao unahesabiwa urembo?

Miliki_Kisumu:
Chora pande saba: chini, juu, kushoto, kulia, mbele, nyuma, na mmoja wa mshazari. Wa chini ndio wenye uzito, lakini kinachoponza watu ni pande kutokubaliana: chini mawimbi matano, ubavuni sita. Kama unalinda soli tu, usichore kiatu kizima. Marekani mistari mizima ndiyo inayodaiwa, na ya kukatika-katika huonyesha tu kilichoizunguka.

Mfereji: sheria yetu ya mali ya viwanda ya 2001 hailindi kilichowekwa kwa ajili ya kazi peke yake. Ukiwa umenyooka kufuata viungo vya vidole, huo ni wa kazi. Ukiupinda kwa namna ambayo mguu haukuhitaji, hapo una hoja. Soli ya meno mafupi ya Bill Bowerman, kocha wa riadha na mwasisi mwenza wa Nike, ilipata hataza (ulinzi wa uvumbuzi) Marekani mwaka 1974 kwa jinsi inavyoshika uwanja. Sura ni ombi la aina nyingine.

Daraja la viatu kwenye orodha ya kimataifa ya michoro (Locarno) ni 02-04. Ulinzi ni miaka 5, unahuishwa mara mbili, jumla 15. Picha usirushe mtandaoni kabla ya kuweka ombi.

FundiKalibu_Kibuye:
Mistari ya mm 0.6 isahau. Hewa hunaswa kwenye kona, mpira haufiki, na ncha hutoka butu kama sabuni iliyotumika. Weka angalau mm 1, kina kisizidi upana, na kona zote uziviringe kwa nusu milimita. Kuta za meno zilale nyuzi 3 hadi 5. Zikisimama wima, soli inang'ang'ania na jino linachanika unapoitoa.

Mpira husinyaa ukipoa, mara nyingi asilimia 1.5 hadi 2. Soli ya mm 280 kwa asilimia 1.8 inataka kalibu ya mm 285. Pima kwa mpira uleule utakaotumia, maana kila mchanganyiko una tabia yake. Maandishi kwenye kalibu yakatwe kinyume. Wa kushoto ni kioo cha wa kulia, ila jina usiligeuze!

Ukitaka urembo wa rangi ya pili, pima mpira wake kwa mizani. Eneo la sm² 20 kwa kina cha sm 0.3 ni sm³ 6. Kwa mpira wa uzito wa gramu 1.15 kwa kila sm³, hiyo ni karibu gramu 7. Ukizidisha, rangi inavuja kwenye meno ya jirani, na hakuna kufuta.

Raba_Kakamega:
Na hayo mawimbi, ncha zake zinatokea ubavuni? Yakifungwa pande zote, udongo mwekundu wa mvua utajaa humo na mtu atakuwa anakimbia na matofali.

MchoraSoli_Nakuru:
Yamefungwa, kwa ajili ya ukingo safi. Nikiyafungua, nisajili kwanza au nibadilishe kwanza?

Miliki_Kisumu:
Badilisha kwanza. Ulinzi unafuata kilichochorwa, na ukingo ulio wazi ni sura tofauti kabisa. Malizana na fundi kuhusu kona, upana wa mistari na hizo ncha, mkubaliane kwamba asionyeshe mtu, ndipo uchore pande saba upya kutoka kwenye vipimo vyake.

FundiKalibu_Kibuye:
Na mpe fundi vipimo vya soli iliyokwisha kupoa. Kusinyaa ataongeza mwenyewe. Mkiongeza wote wawili, 42 inatoka karibu 43.