Haibridi ya mtumba: nimelipia seli mara tatu, kumbe feni imejaa manyoya ya mbwa wa Japani!

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya. Ila wewe unayehesabu kibubu ununue haibridi (gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme yenye betri yake kubwa) yenye zaidi ya miaka kumi, vuta kiti.

Jina la gari silitaji, na yadi siitaji. Gari kwa sababu aliyeliunda hana kosa, kazi yake aliifanya. Yadi kwa sababu nina shughuli nao Jumamosi, nitaeleza mbele. Itoshe kujua ni kale kadogo ka Kijapani ka cc 1,500, ka mwaka 2012, nimekachukua Januari mwaka jana kwa milioni 13.8. Kilometa 78,000 kwenye dashibodi. "Halina hata mkwaruzo bosi wangu, wewe ni ufunguo tu."

Yule kijana wa yadi aliniimbia nyimbo tatu. Haibridi haili mafuta, inanusa. Haibridi haina sevisi za ajabu ajabu. Betri yake haifi leo wala kesho. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kweli, sitamdhulumu. Kibamba hadi Posta na kurudi, na ile foleni ya Kimara tunayoijua wote, nilikuwa napata kilometa 21 kwa lita. Miezi saba ya kwanza nikawa mhubiri. Ofisini nimewashawishi watu wawili wakanunua, na mmoja wao siku hizi hanisalimii.

Mwezi wa nane tunakwenda send-off ya shemeji, Kibaha. Mke wangu mbele, mama mkwe nyuma na hotpoti zake. Tumefika Maili Moja gari likaishiwa nguvu, dashibodi ikawaka taa zote kama baa ya barabarani, na huko nyuma kwenye kiti kuna kitu kinavuma kama mashine ya kusaga. Mama mkwe akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hili ndilo lile gari la umeme?" Nikamwambia ndilo mama. Hakuongeza neno. Ukumbini tuliingia na bajaji.

Sasa hapo ndipo nilipoangukia mikononi mwa "mtaalamu wa haibridi", maana ndivyo bango lake linavyosema. Fundi maiko mtupu. Akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa kodi ya betri kubwa, P0A80, akaniangalia kwa huruma kama daktari: "Bosi, betri kubwa imekufa seli mbili. Laki nne na nusu, unaondoka nalo leo leo." Nikalipa. Kweli nikaondoka nalo leo leo.

Novemba taa zile zile. "Hizi ni seli nyingine bosi, zile zangu nzima kabisa." Laki tatu na themanini. Februari tena. Laki nne na ishirini. Jumlisheni wenyewe: milioni moja na laki mbili na nusu, na gari limeshuka mpaka kilometa 13 kwa lita. Vitz ya jirani yangu inanicheka.

Ngoja niwaeleze ujinga wenyewe ulipo, maana mimi niliuelewa baada ya pesa kwisha. Betri kubwa ya gari hizi si jiwe moja. Yangu ina seli 20 (mafundi wanaziita hivyo), kila moja volti 7.2, zimepangwa mfululizo mpaka zifike volti 144. Prius, haibridi ya Toyota, ya kizazi cha pili, ile iliyotoka 2003, ina 28, volti 201.6. Umeme wote unapita kwenye kila seli. Ikichoka moja, inachaji haraka kuliko wenzake na kuisha haraka kuliko wenzake, inachemka, na kompyuta ikiona tofauti imekuwa kubwa inawasha taa. Mnaikumbuka redio ya mawe? Weka jiwe moja jipya kati ya mawe matatu yaliyochoka uone. Bibi yangu alikuwa anayatoa mawe ya National anayaanika juani kwenye bati, jioni redio inaimba taarifa ya habari, kesho kutwa kimya. Fundi wangu alinifanyia kitu kile kile cha bibi, ila bibi hakunitoza laki nne.

Na hizo "seli nzima" alizoniwekea kazitoa wapi? Kwenye betri iliyokufa ya mteja mwingine! Zile zilizobaki zikionyesha namba nzuri kwenye mita anaziweka kwenye kreti, zinamsubiri mjinga ajaye. Na mita yenyewe haina ushahidi wowote ukipima seli ikiwa imetulia. Mbovu na nzima zote zinaweza kukuonyesha volti 7.8 na kukutabasamia. Lazima uipe mzigo. Unaifunga kwenye balbu ya taa kubwa ya gari, ile ya wati 55, unahesabu dakika mbili. Nzima inashuka kidogo tu, iliyochoka inaporomoka. Hiyo nimeiona kwa macho yangu mwezi huu, Tabata, kwa mzee mmoja niliyepelekwa na dereva wa taksi za mtandaoni.

Huyu mzee hakugusa mashine kwanza. Aliniuliza, "Kijana, kiti cha nyuma umewahi kukifungua?" Nikamwambia mzee, kiti cha nyuma nakaa, sikifungui. Akacheka, akachomoa plagi ya rangi ya chungwa, akaenda kunywa kahawa dakika kumi nzima ili umeme uliobaki ujiishie (wale mnaotaka kujaribu nyumbani: volti 144 inaua mtu, msifungue hiyo kitu), akarudi akatoa feni ya kupoza betri.

Wakuu. Manyoya. Manyoya meupe, yameshonana na vumbi mpaka yamekuwa kama godoro. Mimi sijawahi kufuga mbwa. Mke wangu ni wa Tanga, mbwa hata getini hamtaki. Hayo ni manyoya ya mbwa wa Japani! Yamepanda meli na gari, yameshuka bandarini, yamekaa yadi, yamepita kwenye ile "full service" niliyokatiwa risiti ya laki mbili, na yamesimama kimya nyuma ya mgongo wa mama mkwe mpaka Kibaha. Halafu mtu aliyejiita mtaalamu wa haibridi kaishusha betri hiyo hiyo mara TATU, feni ipo nusu mita kutoka kwenye mkono wake, hajaipuliza hata kwa mdomo.

Kuisafisha feni kulichukua dakika arobaini na brashi ya rangi. Mzee hakunitoza.

Maana betri hii haipozwi na maji, inapozwa na hewa ya ndani ya gari, ile ile unayopumua wewe. Inavutwa kupitia kitundu chenye wavu pembeni ya kiti cha nyuma. Hapo ndipo na mimi ninapojipiga kofi. Kwanza, hicho kitundu tulikuwa tunakiziba na mto wa mtoto, maana tulidhani ni spika. Pili, nilikuwa nazima AC ili nibane mafuta, madirisha nusu, jua la saa nane la Dar. Yaani naokoa mafuta ya elfu mbili kwa siku huku naipikia betri ndani ya tanuri. Joto ndilo linaloua betri hizi kuliko kitu kingine. Ulaanbaatar, Mongolia, barabara zimejaa Prius kuukuu, na baridi ya huko hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Gari zile zile, umri ule ule. Kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia "haibridi za zamani ni takataka". Zinataka kutunzwa, na aliyekuuzia anatakiwa akwambie zinatunzwaje. Kutoniambia kitundu ni cha nini kimenigharimu zaidi ya milioni.

Na umri wenyewe walinidanganya. Baada ya manyoya nikaanza kushuku kila kitu, nikampa jamaa anayeagiza magari namba ya chesi anitafutie karatasi ya mnada, ile ya Japani inayoandika hali ya gari na kilometa zake. Kilometa 168,000 na ushee, tarehe ya mnada ni kabla sijalinunua. Zimekatwa elfu tisini! Kwa gari la kawaida ukikata kilometa umeiba. Kwa haibridi umeiba mara mbili, kwa sababu mnunuzi anapanga bajeti ya betri kwa kuangalia namba ile. Ningejua ni 168,000 ningeomba bei ishuke milioni mbili na nikaziweka kando.

Wenzetu Kenya gari likizidi miaka 8 haliingii. Kwetu linaingia, unalipa ushuru wa uchakavu na maisha yanaendelea. Sisemi tufunge mlango, mimi mwenyewe la miaka 8 nisingeliweza. Ninachosema ni kwamba hapa ndipo haibridi zinakuja kuzeekea, halafu tunaziuza kwa maneno ya gari jipya.

Mengine kwa haraka, maana nimeshawachosha. Betri ndogo ya volti 12 nayo ipo, tena huku nyuma. Disemba tulipanda basi kwenda Moshi, gari likalala wiki tatu, kurudi limekufa ganzi. Yule fundi wangu kwa simu tu, bila kuliona: "Hiyo betri kubwa bosi, andaa laki tano." Ilikuwa ndogo! Kwenye haibridi betri ndogo haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu, kwa hiyo inachoka kimya kimya bila kukupa ile dalili ya kuwaka kwa shida asubuhi. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota) nayo ina maji yake na pampu yake peke yake, tofauti na rejeta ya injini, na watu wanakaa miaka hawajawahi kufungua hicho kifuniko. Kompresa ya AC inaendeshwa na umeme mkubwa, kwa hiyo oili yake ni ya aina yake isiyopitisha umeme. Fundi wa gesi wa barabarani akikuwekea oili ya kawaida, umeme unavuja na gari linagoma kuwaka. Na wenye Prius ya kizazi cha tatu, ulizeni namba ya chesi: Februari 2014 Toyota iliita Prius zipatazo milioni 1.9 duniani kubadilishiwa programu ya inveta. Kama yako ilifanyiwa, shukuru. Breki, kusema kweli, pedi zangu bado zile zile, maana mota ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Hapo sina la kulalamika.

NYONGEZA, saa 3 usiku.

Naona majibu. Aliyeandika "umaskini ndio unakusumbua, nunua betri mpya": nitanunua mkuu, mzee amepima seli zote 20 kwa balbu na tisa zimeanguka, tena nne kati ya hizo ni zile "nzima" za fundi maiko. Kubadilisha tisa ni kurudi kule kule kwa bibi na bati lake. Nataka seti nzima yenye seli mpya, sio betri ya mtumba iliyotoka kwenye gari la 2012 kama langu. Nadunduliza.

Anayeuliza kama ningerudi nyuma ningechukua haibridi tena: ndiyo. Ningekwenda na mzee, tungefungua feni mbele ya muuzaji, na ningetaka kuona karatasi ya mnada kabla ya kutoa hata elfu kumi. Yadi ikikataa kiti kifunguliwe, hiyo ni sababu tosha ya kuondoka.

Mwenye yadi aliyeingia PM kuniomba nifute uzi kwa sababu "unaharibu biashara za watu": sijakutaja kaka, umejitaja mwenyewe.

Na huyo anayecheka manyoya, cheka tu. Nimeyaweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na karatasi ya mnada na risiti ya ile "full service". Jumamosi saa 4 asubuhi namwagia mezani kwa meneja, mbele ya wateja, nimuulize huyu mbwa alilipiwa ushuru lini.