Naomba ushauri: nyota zanitokea mistari kwenye picha, na stendi nimeielekeza kusini sawasawa

Kaskazi_Kisauni (mleta uzi)
Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine wote habari za jioni. Niko Kisauni, napiga picha za nyota juu ya nyumba ya ami yangu, slabu tupu. Nina kamera, lenzi ya milimita 200 na stendi ya mota, ile ambayo mhimili wake unaelekezwa kwenye ncha ya mbingu, pale nyota zote zinapoonekana kuzungukia, kisha inazunguka pamoja na nyota ili picha isivutike. Nimeisawazisha kwa pimamaji, kusini nimekutafuta kwa dira ya simu, video nimezifuata moja baada ya nyingine. Nikiacha kamera wazi dakika moja, nyota zatoka kama punje za mchele. Kwengine si punje tena, ni mistari.

Swali langu ni moja: mota imechoka, au ni dira? Mota mpya nimeiona mtandaoni na bei yake yatisha, nataka hakika kabla sijatuma pesa. Nijibuni mapema tafadhali, Jumamosi nina fundi.

MtuWaVoi
Kaka, shida yako ni Kisauni. Taa za Nyali huku, taa za bandari ya Kilindini kule, utapiga nyota gani? Njoo Voi. Huku ukitoka nje ya mji kidogo Kilimia unaihesabu kwa macho. Na hata mbingu nzuri haina dhamana: tarehe 3 Novemba 2013 nilisafiri mpaka Turkana kuona jua likipatwa, safari ya kuvunja mgongo, tukafika Sibiloi, mara dhoruba ya mchanga na wingu. Watu walilia. Kwa hivyo shukuru una nyota za kuvutika.

Shamim_Tudor
Mimi nauliza jengine. Majirani washaambiwa hiyo mashine juu ya nyumba ni ya nyota? Binamu yangu alikuwa na darubini ya kutazamia meli, mama wa nyumba ya pili akaenda kumshitaki kwa mzee wa mtaa kwamba anachungulia madirisha. Nenda kapige hodi kwanza, uwaeleze, tena uwaalike waje watazame. Hilo ndilo la kwanza kabla ya mota.

Mwalimu_wa_Fizikia
Mota usinunue. Ubavuni mwa stendi kuna kipimo cha nyuzi za mwinuko wa mhimili, chasoma ngapi?

Nauliza kwa sababu Mombasa iko nyuzi 4 na dakika 3 kusini mwa ikweta, kwa hivyo ncha ya kusini ya mbingu kwetu iko nyuzi 4 tu juu ya upeo. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Ncha haifiki hata nusu ya ngumi. Hapo pana nyumba za watu, minazi na ukungu wa bahari. Nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.4, hafifu hata penye giza zuri, sembuse Kisauni. Na Nyota ya Kaskazini, ambayo video zote za Ulaya na Marekani zaanza nayo, kwetu iko chini ya upeo. Zile video hazikutengenezewa mtu wa pwani yetu. Nipe namba.

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu, dira juu ya slabu usiiamini. Chini ya miguu yako kuna nondo tupu, chuma chavuta sindano. Sisi chomboni dira ilikuwa na mahali pake mbali na chuma, na usiku twamtazama Suheli (nyota Canopus) kwa kusini na Kilimia kwa majira. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimelala baharini kati ya Lamu na hapa bila taa hata moja, na mwelekeo hatukuupoteza. Wewe nenda msikitini, simama uelekee kibla, kisha geuka kinyumenyume. Hiyo ndiyo kusini yako.

Kaskazi_Kisauni
Mzee shikamoo, la kibla nimelipenda, nitalifanya. Shamim, majirani wanajua. MtuWaVoi, Voi siwezi kila wiki, nina kazi.

Mwalimu, shukrani. Kipimo nimekishusha mpaka chini inavyokubali, kwa hivyo hapo sidhani pana shida. Mimi naona ni mota, kwa sababu ina sauti isiyoeleweka.

Mwalimu_wa_Fizikia
Mpaka chini ni ngapi? Namba, bwana.

Kaskazi_Kisauni
Haya. Yasoma 20. Bolti ya kuinulia imefika mwisho, mwili wa stendi wagusa chuma cha chini, haishuki tena. Nilinunua mkono wa pili kwa mtu aliyekuwa akirejea kwao Ulaya, na kule pengine hakuna anayehitaji chini ya hapo.

Najua mtaniambia niirudishe. Hairudi, mwenyewe kashaondoka. Halafu fundi nshampa arbuni, Jumamosi anamimina nguzo ya zege pale juu. Tripodi yatikisika upepo wa kaskazi ukivuma, nguzo itatulia. Ami amekubali, na kumkubalisha ami si kazi ya siku moja. Nikisema leo fundi asije, arbuni imekwenda na ami hatanisikiliza tena katika jambo lolote.

Tena kama kosa ni nyuzi, mbona kundi la Jabari (Orion) likiwa utosini nyota zake zatoka karibu nukta? Nikigeukia Suheli, usiku huohuo, mashine hiyohiyo, ni mistari. Nyuzi zingekuwa ndizo, si zote zingevutika?

Fundi_Zege_Likoni
Mimi nyota sizijui, zege nalijua. Nguzo ya sentimita 30 kwa 30, kimo mita moja, ni zaidi ya kilo 200. Hiyo haiwekwi popote juu ya slabu kwa sababu pana nafasi. Iweke palipo na ukuta au nguzo ya nyumba chini yake. Katikati ya chumba usiweke, mtu akitembea slabu yacheza na nguzo yako itacheza nayo. Ami yako ameambiwa kilo? Zungumzeni kilo kabla ya Jumamosi.

Shaka_Kwanza
Jamani mnaandika insha na hamsomi. Nyota zinatembea sekunde 15 za tao (nyuzi moja ina 3600) kwa kila sekunde ya saa. Mhimili ukikosea nyuzi 16, yaani 20 kutoa 4, kosa linalobaki ni kama sekunde 4 za tao kwa kila sekunde. Dakika moja ni sekunde 250 za tao. Kwa lenzi ya milimita 200 huo ni mstari wa kuonekana bila miwani. Sasa huyu atwambia utosini nukta, kusini mistari, mashine moja usiku mmoja. Mhimili ni mmoja! Hadithi imetungwa. Namba ya kipimo alifichaficha mpaka akabanwa, na picha hajaweka hata moja. Subirini, kesho hapa patakuja tangazo la stendi ya mkono wa pili, bei ya maelewano.

MtuWaVoi
Hata mimi nilishangaa. Mtu anamimina zege la nyumba ya ami yake kwa ajili ya kamera?

Shamim_Tudor
Kama ni uongo basi ni uongo wenye gharama. Mleta uzi jitokeze.

Kaskazi_Kisauni
Siuzi kitu, wallahi. Namba sikuitaja mapema kwa sababu nilijua mtaniambia stendi haifai, na pesa imeshakwenda. Picha ziko kwenye kamera, nikitoka kazini nitaziweka. Lakini nilichokieleza ndicho nilichokiona. Nyota tatu za ukanda wa Jabari ukizikuza kabisa kwenye kioo cha kamera ni vidoadoa vyenye mkia mfupi, wote umelalia upande mmoja. Suheli ina mkia unaovuka robo ya kidole kwenye kioo hichohicho. Kwa nini, sijui, ndiyo maana nimekuja kuuliza.

Mwalimu_wa_Fizikia
Shaka, hesabu yako ya sekunde 4 ni sahihi. Ulichokosa ni mahali.

Mhimili wa mbingu kwetu umeinuka nyuzi 4 kusini, wa stendi yake nyuzi 20. Kosa lote liko juu na chini, halipo kushoto na kulia. Mashine yenye kosa la namna hiyo inaiongezea picha mzunguko mwengine mdogo, na kitovu cha mzunguko huo kiko karibu na utosi, kama nyuzi 12 kaskazini yake. Nyota iliyo karibu na kitovu husogea kidogo, iliyo mbali husogea sana. Ile nebula (wingu la gesi) ya Jabari iko kiasi cha nyuzi 5 na nusu kusini mwa ikweta ya mbingu, ile inayopita juu ya ikweta ya dunia, kwa hivyo kwetu inapita karibu kabisa na utosi. Hapo mvutiko hautimii hata robo ya zile sekunde 4. Suheli iko karibu nyuzi 53 kusini, iko mbali na kitovu, nayo inakula karibu zote nne. Mtu wa kutunga angeandika vile ulivyotarajia wewe, kwamba zote zimevutika sawa. Huyu ameandika kitu ambacho kinatokea kwa stendi iliyoinuka kupita kiasi, na ameandika bila kujua sababu yake. Mimi namuamini.

Na ndiyo maana mota si mbovu. Mota mbovu ingeharibu Jabari kabla ya kitu chengine.

Shaka_Kwanza
Nimeichora kwenye karatasi, kitovu kinaangukia ulipopataja. Neno la kuuza naliondoa. Picha bado naidai.

Mwalimu_wa_Fizikia
Sasa Kaskazi, nguzo usiikatae. Nilikuwa nakuja kusema uache, lakini mhimili wa nyuzi 4 unalala karibu sawa na ardhi, na chuma cha uzani, kile cha kusawazisha kamera, kikizunguka kinagonga miguu ya tripodi. Nguzo nyembamba inaondoa tabu hiyo. Ila ukimimina kilele bapa na kuweka stendi juu yake, umeligandisha kosa la nyuzi 16 ndani ya zege.

Tafuta fundi wa kuchomelea akufanyie kabari ya chuma ya kukaa kati ya nguzo na stendi, upande wa kaskazini uwe juu ili stendi nzima iinamie kusini. Usikate nyuzi 16 kamili, kwa sababu bolti yako itabaki mwisho wake, haina pa kushuka. Kata 21, kipimo kisome 25, ubaki na nafasi ya kurekebisha juu na chini. Kwa bamba la sentimita 20, upande wa kaskazini uzidi ule wa kusini kwa sentimita 7.7.

Kuhusu kibla, Nahodha amekupa dawa nzuri kuliko mlivyoipokea. Makka iko longitudo 39.8 mashariki, Mombasa 39.7. Kibla chetu kinakosana na kaskazini ya kweli kwa theluthi tu ya nyuzi, kuelekea mashariki. Miji mingi haina bahati hiyo.

Bi_Swafi
Lakini misikiti yote haikujengwa sawa, myengine ya zamani ilikadiriwa. Kuna siku mbili jua linasimama juu ya Al-Kaaba yenyewe: tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na 16 Julai saa sita na dakika 27. Saa yetu na ya Makka ni moja. Dakika hiyo simamisha fimbo, upande kivuli kinakotoka ndiko kibla. Sisi nyumbani tulihakikisha hivyo, tukatandika miswala upya. Na ukishapata stendi yako nzuri, ikifika siku ya kutafuta mwezi mwandamo uitoe hiyo kamera, watu wafaidike.

Kaskazi_Kisauni
Bi Swafi, Mei ni mbali na fundi ni Jumamosi. Kivuli cha adhuhuri ya leo hakifai?

Mwalimu_wa_Fizikia
Mwezi huu wa pili hakifai sana. Jua limepanda karibu na utosi, kivuli ni kifupi na kinageuka mbio. Ukikosea dakika moja ya saa umekosea kama nyuzi moja na nusu. Mwezi wa tatu ndio kabisa, mnamo tarehe 10 linapita utosini na kivuli hakuna. Anza na kibla cha msikiti unaouamini, kisha usiku nyota zikusahihishe.

Shika nyota iliyo juu kabisa, karibu na ikweta ya mbingu, uikuze kwenye kioo, uitazame dakika tano. Ikiteleza kaskazini au kusini, geuza stendi kidogo upande mmoja. Ikizidi kuteleza, rudi upande wa pili. Ikitulia, nenda kwenye nyota ya mashariki: hiyo inakuonyesha bolti ya juu na chini. Rudia zote mbili, kwa sababu ukigusa moja unaivuruga nyengine kidogo. Kama una kompyuta, kuna programu ya bure, N.I.N.A., inayopiga picha sehemu tatu za mbingu, ikazitambua nyota na kukuambia ncha iko wapi bila wewe kuiona.

Fundi_Zege_Likoni
Basi mwambie fundi wako bolti azizamishe zege likiwa bado bichi, na nati ziwe juu na chini ya bamba. Hapo hata kilele kikitoka kimeinama kidogo unakisawazisha kwa spana. Na kona ya tangi la maji iangalie, mara nyingi tangi huwekwa palipo na nguzo chini.

Kaskazi_Kisauni
Nimempigia sasa hivi. Bolti za milimita 12 anazo, ila alitaka kumimina katikati ya slabu. Nimemwambia kona ya tangi, na kilo nitamwambia ami mwenyewe usiku huu. Wa kuchomelea namuona kesho na kipimo cha 7.7. Mwalimu, bamba liwe la unene gani?

Mwalimu_wa_Fizikia
Milimita 10, na lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla halijapanda juu. Hewa ya chumvi haisubiri.