Kazi ya usalama kazini Doha: naanzia wapi?

Kutoka: Doha

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni mlinzi kwenye eneo la ujenzi hapa Doha, nimemaliza kidato cha sita. Kila siku nawaona watu wa sefti wakikagua majukwaa na vibali vya kufanya kazi za hatari, na nimeipenda kazi yao. Wapo wanaoniambia cheti cha NEBOSH kinatosha. Ni kweli? Na nikirudi nyumbani Tanga kitanifaa?

Kutoka: Muscat, zamani Doha

Marahaba mdogo wangu. Cheti kinakufungulia mlango, na mlango huo ni wa kweli. NEBOSH ni bodi ya Uingereza ya mitihani ya usalama na afya kazini, iliyoanzishwa mwaka 1979, na cheti chake cha kimataifa hakidai shahada. Kina sehemu mbili: IG1, mtihani unaoufanya ukiwa na vitabu vyako mbele yako, na IG2, ambapo unafanya tathmini ya hatari katika mahali pa kazi halisi. Tafadhali usimlipe mtu anayeahidi kukuandikia majibu. Wako wengi huko Ghuba na wanawaharibia vijana maisha. Kwanza noa Kiingereza chako cha kuandika, maana wengi huangukia hapo kuliko kwenye masomo yenyewe.

Ila usisubiri cheti ndipo uanze kujifunza. Anza na joto, kwa kuwa hapo ulipo ndilo linaloua. Qatar ilitoa kanuni mwaka 2021: kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kazi za nje juani zinasimama saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Tena, kipimo cha joto kiitwacho WBGT kikipita nyuzi 32.1, kazi inasimama saa yoyote. Kipimo hicho hakiangalii joto la hewa peke yake; kinajumlisha unyevu, jua na upepo. Ndiyo maana siku ya unyevunyevu inaweza kuwa hatari kuliko siku inayoonekana kali zaidi.

Wanaoanguka mara nyingi ni wageni, aliyeshuka kwenye ndege juzi kutoka Kampala au Mombasa, au aliyetoka likizo. Mwili wake haujazoea. Utaratibu unaopendekezwa ni mgeni afanye asilimia 20 tu ya kazi nzito siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Maji, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, hata kama hana kiu. Ukimwona mtu anaongea maneno yasiyoeleweka au anayumba, hiyo ni dharura: ita gari la wagonjwa, mwingize kivulini, mmwagie maji ya baridi na kumpepea papo hapo.

Sasa ugumu wa kazi. Zege limeshafika, foromani anataka limwagwe, na wewe ndiye wa kusema hapana. Vijana wetu wengi hawawezi kumwambia mkubwa wao kwamba wamechoka. Watakwambia wewe, kwa Kiswahili, pembeni. Hilo ni jambo kubwa, lithamini. Asiyeweza kusimama mbele ya foromani kwa ajili yao, namwomba atafute kazi nyingine.

Kuhusu kuhama mwajiri: tangu 2020 Qatar haidai tena barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani. Toa notisi kwa maandishi na utunze nakala.

Kutoka: Tanga

Mdogo wangu, kitakufaa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani, na huku bara tuna OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na sheria yake ya mwaka 2003. Ila soma na upande wa mazingira: mafuta yaliyomwagika, taka za kemikali, maji machafu. Kwenye usaili huku watakuuliza hayo, hasa kwa kuwa bahari iko karibu na wavuvi wanaishi nayo. Ninavyo vitabu vya IG1. Niandikie pembeni nikutumie.