Mtoto wa miaka minne akizidi uzito, alaumiwe mzazi?

Mtoa mada: Wadau, nimechoka kusikia "huyu ana mifupa mikubwa tu". Mtoto wa miaka minne hana pesa ya kwenda dukani. Anachokula kaletewa, na simu anayoitazama huku anakula kapewa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 na 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, alale saa 10 hadi 13, na acheze kwa jumla ya dakika zisizopungua 180. Nani wa kupanga hayo kama si mzazi? Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza: Nakupinga. Wangu wawili wanakula chungu kimoja. Mmoja mwembamba kama ufito, mwenzake kajaa mpaka shingo haionekani. Tafiti za mapacha zimeonyesha kuwa urithi una sehemu kubwa katika tofauti za uzito. Nishtakiwe kwa damu niliyompa?

Mtoa mada: Damu sawa, ila haifungui friji.

Mchangiaji wa pili: Mnagombania chakula, mimi naangalia kijiko. Mtoto kageuza uso, midomo kaibana, na kijiko bado kinamfuata: "malizia hiki cha baba". Kashiba na anajua kashiba. Sisi ndio tunaomfundisha asilisikilize tumbo lake. Baadaye akinenepa tunahamia upande wa pili. Mimi nilificha biskuti juu ya kabati; asubuhi nikakuta kiti kimesogezwa na yuko juu yake, mkono ndani ya pakiti. Kumbe watafiti akina Leann Birch wa Marekani walishaonyesha kwamba ukimwekea mtoto kitamu mbele ya macho na kumkataza, hukitamani zaidi. Mwingine, Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe, anagawa kazi: mzazi achague chakula gani, saa ngapi na wapi kiliwe, kiasi aamue mtoto. Nimejaribu. Wiki ya kwanza ni mateso, sidanganyi.

(Halafu nyie wa "kajaa": chini ya miaka 5 hupimwa uzito kwa urefu, yaani uzito wake ukilinganishwa na urefu wake. Macho hudanganya.)

Mchangiaji wa tatu: Dada, hayo ni ya anayeshinda nyumbani. Mimi natoka alfajiri, narudi kalala. Anashinda na bibi yake, na kila akilia anatulizwa kwa juisi. Nikimwambia mama mkwe apunguze, naambiwa namnyima mjukuu wake. Mtoa mada, mzazi wa kulaumiwa hapo ni yupi?

Mtoa mada: Hapo umenibana. Lakini hiyo juisi inanunuliwa na nani?

Mchangiaji wa tatu: …Naiacha mimi mezani kila Jumapili jioni, chupa mbili, ili wiki nzima asimsumbue bibi.