Kikundi cha Ukoo: Sikukuu ya Mavuno

Rehema, saa 12:40 asubuhi
Shikamooni wazazi wetu, na habari za asubuhi ndugu wote. Nakumbusha tena kwamba jumuiya imeikabidhi familia yetu somo la Sikukuu ya Mavuno, yaani kueleza sikukuu hii imetoka wapi na kwa nini Wakristo wanaiadhimisha, pamoja na kuandaa kikapu cha malimbuko. Naomba kufikia jioni nipate jina la atakayefundisha, la atakayesoma Neno na la atakayebeba kikapu, kwa sababu mchungaji anasubiri.

Rehema, saa 3:15 asubuhi
Naona ujumbe umesomwa na wengi, lakini hakuna aliyejibu. Tafadhali tusiache jambo hili mpaka dakika ya mwisho.

Joeli, saa 3:50 asubuhi
Dada Rehema, nimenyamaza kwa sababu sitaki kuonekana mpinzani, ila dhamiri yangu hainiruhusu kubeba kikapu hicho kabla hatujaambiana ukweli. Nimesoma kwamba Waayalandi wa kale walikuwa na sikukuu ya mavuno iitwayo Lughnasadh, mwanzoni mwa Agosti, kwa jina la mungu wao Lugh, na masimulizi yao yanasema ndiye aliyeanzisha michezo ya mahali paitwapo Tailtin kwa heshima ya Tailtiu, mama aliyemlea. Kisha nasoma kwamba kanisa la Uingereza nalo lilikuwa na siku yake tarehe 1 Agosti, iitwayo Lammas, ambapo mkate wa ngano mpya uliletwa ubarikiwe. Sasa sisi tukipeleka malimbuko, tunamtolea nani?

Eliya, saa 4:20 asubuhi
Joeli, swali lako ni la haki na halistahili kubezwa. Hata hivyo, Lughnasadh ni ya Ireland na Lammas ni ya Uingereza, na kulingana kwa tarehe peke yake hakuthibitishi kwamba moja iliizaa nyingine, kwa maana nafaka za nchi hizo jirani huanza kuvunwa majira yaleyale, na mkulima hangoji mwezi mwingine ili ashukuru. Wapo pia wafuasi wa upagani mpya wa karne ya 20 walioiweka Lughnasadh miongoni mwa sherehe zao nane za mwaka, na wengi wao walioko kusini mwa dunia huifanya mwanzoni mwa Februari. Ukisoma maandishi yao ukadhani yote ni ya kale, utapotea.

Ibada ya mavuno tunayoijua sisi ilipata nguvu baadaye sana. Mwaka 1843 Robert Stephen Hawker, kasisi wa Morwenstow katika jimbo la Cornwall, aliwaalika waumini wake wakusanyike Jumapili ya kwanza ya Oktoba na kupokea ushirika kwa mkate wa ngano mpya.

Baba Mdogo, saa 4:31 asubuhi
Kama kuna mkate wa ngano mpya, mimi najitolea kuulinda nyumbani kwangu mpaka Jumapili.

Upendo, saa 4:33 asubuhi
Baba Mdogo akiulinda yeye, madhabahuni tutapeleka kikapu kitupu.

Baba Mdogo, saa 4:34 asubuhi
Mlinzi naye ana haki ya kuonja, mwanangu.

Rehema, saa 4:52 asubuhi
Baba Mdogo, nakuheshimu sana, lakini bado sina jina hata moja. Naomba turudi kwenye jambo lenyewe.

Joeli, saa 5:10 asubuhi
Nashukuru kwa maelezo, kaka Eliya. Ila kuna andiko la Kiingereza cha kale linaloelekeza mtu auchukue mkate uliobarikiwa siku ya Lammas, aumege vipande vinne, na kuvipukutisha katika pembe nne za ghala ili nafaka iwe salama. Huo ulikuwa mkate wa kanisani, ukafanywa kago, yaani dawa ya kinga! Hicho ndicho ninachokiogopa, si jina la siku wala tarehe yake.

Eliya, saa 5:45 asubuhi
Hapo nakubaliana nawe kabisa kwamba mchanganyiko huo ulikuwepo, na sioni sababu ya kuuficha katika somo letu. Lakini tazama jinsi kanisa lenyewe lilivyolikabili jambo hili mapema. Mwaka 601 Papa Gregori alimwandikia Abate Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, na barua hiyo imehifadhiwa na mtawa Beda katika historia yake ya kanisa la Uingereza. Alisema sanamu ziharibiwe lakini mahekalu yenyewe yasibomolewe. Yanyunyiziwe maji ya baraka na yawekwe madhabahu. Na kwa kuwa watu walizoea kuwachinjia mashetani ng'ombe, wapewe sherehe nyingine badala yake: wajenge vibanda vya matawi kuzunguka makanisa, wachinje kwa ajili ya chakula chao, na wamshukuru Mungu aliyewapa vyote.

Biblia nayo haikwepi ukweli huu. Katika Waamuzi 9:27 watu wa Shekemu wanachuma zabibu, wanafanya sherehe na kuingia katika nyumba ya mungu wao. Katika kitabu hichohicho, sura ya 21, mabinti wa Shilo wanacheza karibu na mashamba ya mizabibu katika sikukuu ya Bwana ya kila mwaka. Furaha ya mzabibu ilikuwa ileile, ila aliyeshukuriwa si yuleyule, na kwangu mimi swali lako la kwanza linajibiwa hapo.

Shangazi Tabitha, saa 7:20 mchana
Nimesoma yote. Mnazungumzia Ireland na Uingereza kana kwamba jambo hili halikuwahi kuingia katika nyumba yetu wenyewe. Kikapu cha baba yangu kilirudishwa mlangoni kwa maneno hayahaya anayoyasema Joeli leo, na aliyekirudisha hajawahi kuja kuomba radhi.

Joeli, saa 7:26 mchana
Shangazi, sikukusudia kuligusa jambo la Babu.

Shangazi Tabitha, saa 7:28 mchana
Hukukusudia, lakini umeligusa.

Rehema, saa 9:40 alasiri
Jamani, mbona kimya? Mchungaji amenipigia simu tena.

Upendo, saa 10:15 jioni
Nipo na Bibi, amenisomesha ujumbe wote tangu asubuhi. Yafuatayo ni maneno yake, nami naandika tu kama anavyosema.

"Wajukuu zangu, kikapu kile nilikibeba mimi na babu yenu. Alisimama shambani alfajiri akashukuru kama baba yake alivyomfundisha, akamtaja Mungu na akawataja waliolilima shamba lile kabla yake, kisha tukaenda kanisani. Aliyeturudisha hakumuuliza alimshukuru nani. Joeli amefanya vyema, kwa sababu yeye ameuliza. Aulize, ajibiwe, lakini asirudishwe mtu. Na katika somo lenu msisahau Mambo ya Walawi 23, pale Mungu anapowakataza watu wake kuzimaliza pembe za shamba wakati wa kuvuna, wamwachie maskini na mgeni. Mkipeleka kikapu madhabahuni na jirani yenu amelala njaa, mtaulizwa habari za huyo jirani kabla ya kuulizwa habari za Waayalandi."

Mama Rehema, saa 10:19 jioni
Amina, Mama. Tumesikia.

Shangazi Tabitha, saa 10:24 jioni
Asante, Mama. Sina neno la kuongeza.

Eliya, saa 10:50 jioni
Mistari ya Bibi itatangulia katika somo, na barua ya Gregori itafuata baada yake. Nitafundisha mimi, kwa masharti kwamba habari ya mkate wa ghalani nayo isomwe bila kupunguzwa, kwa sababu watakaosikiliza wana maswali kama ya Joeli na wanayaogopa.

Rehema, saa 11:05 jioni
Asante, kaka Eliya. Napendekeza vikapu viwe viwili, kimoja cha madhabahu na kingine cha kupelekwa moja kwa moja kwa majirani wahitaji. Joeli, naomba usome Kumbukumbu la Torati 26, pale mkulima anapoweka kapu la malimbuko mbele za Bwana na kusimulia safari ya baba zake. Naomba jibu leo. Bado sijampata wa kubeba kikapu cha pili.

Joeli, saa 12:30 jioni
Kusoma nitasoma. Kuhusu kubeba, nipe nafasi nizungumze kwanza na Shangazi ana kwa ana.

Baba Mdogo, saa 1:10 usiku
Kikapu cha majirani nitakibeba mimi, na safari hii sitanii. Ila Jumamosi sitakuwepo, kwa hiyo mtu mwingine akusanye.

Rehema, saa 1:12 usiku
Nani atakusanya Jumamosi?

Mjomba Samweli, saa 3:48 usiku
Poleni, ndiyo kwanza nafungua simu. Hilo somo la mavuno ni la Jumapili hii au ijayo?